Nani Atamsema Babu Yako

Mwanangu Kabula,

Barua za watu wenye adabu huanza kwa "natumaini hujambo". Wewe hujambo, nakuona mwenyewe kupitia dirisha hili: umesimama nje ya ua wa minyaa, mkono kiunoni, unabishana na babu yako kwa sababu hataki kukubali kwamba ile fimbo mpya inamfaa kuliko ile ya zamani. Mimi pia sijambo. Nimekaa kwenye kiti cha baba yako, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na leo sipiki mpaka nimalize, hata mkilia njaa.

Mambo ya sabuni, ya kufunga sanduku, ya kutompa mzigo wako kila anayejifanya mjomba stendi, sitayaandika. Baba yako amekuimbia hayo tangu wiki iliyopita na shangazi yako akaitikia. Barua hii nitaichomeka kwenye mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vikavu, kwa sababu nakujua. Kabla basi halijafika Lamadi utakuwa umeshaanza kula.

Nataka kuanza na neno ambalo halitegemewi kinywani mwa mama: nimefurahi unaondoka. Usinune. Watu wamekuwa wakinipa pole barabarani kana kwamba nimefiwa, na mimi naitikia "asante" kwa sura ya huzuni ili wasinione kichaa, lakini moyoni nacheka. Mtoto ambaye siku moja baba yake alimfunga kwa kanga kwenye keria ya baiskeli, kichwa kimelegea, mapovu mdomoni, leo anakwenda mwenyewe kwa miguu yake kusomea kazi ya afya. Nimlilie huyo? Namshukuru Mungu, na nikimaliza kumshukuru naanza upya.

Ni jambo moja tu lililokuwa likininyima raha, na tangu barua ile ya chuo ifike nimekuwa nikiligeuzageuza. Ukiondoka wewe, nani atamsema babu yako?

Najua umetabasamu. Lakini si mzaha, na wewe unajua si mzaha. Mwezi uliopita tu, wakati wa kupulizia pamba, nilimwona akishuka kuelekea mtoni na bomba mgongoni. Kule juu tulikokubaliana wote kusuuzia mabomba ya dawa ni mbali, na magoti yake hayapendi mlima. Nilikuwa pembeni ya shamba na jembe mkononi. Nilisimama. Nilifungua mdomo. Halafu nikafanya nilichokifanya tangu nilipoolewa: nikaufunga. Wewe ndiye uliyemkimbilia, ukamvua lile bomba kama unavyomvua mtoto shati, ukampandisha mlima huku ukimwita mzee mkaidi, naye anacheka. Mimi nilibaki pale na jembe langu, nimekuwa nguzo ya ua.

Wenzako wa bwenini wakichungulia barua hii, hasa wale wa mjini, watauliza mtu mzima aliogopa nini. Waeleze. Waambie kwetu mke hamwiti baba mkwe kwa jina, hata akiwa hayupo. Akikutana naye njiani anatoka pembeni, anapiga goti, anaamkia, anangoja apite. Kumpa chakula anampa, tena kwa mikono miwili, lakini kumwambia "hapo umekosea" ni sawa na kumvua nguo hadharani. Na siku naolewa, kule Ipililo, mama yangu alinikalisha ndani akanipa neno lake. Aliniambia: "Huko unakokwenda, peleka masikio yote mawili. Mdomo uache hapa, nitakutunzia." Nilimtii. Sijui kama kuna mtoto aliyewahi kumtii mama yake kuliko nilivyomtii mimi, na ndiyo maana leo naogopa kukupa neno zito la namna ile. Mtoto mtiifu anaweza kulibeba mpaka limvunje mgongo.

Wewe hukulikuta ghala la ushirika likiwa zima. Zamani dawa ya pamba ililetwa na chama, na bwana shamba alisimama mbele yetu akatuonyesha kipimo, na makopo matupu aliyakusanya yeye mwenyewe akayafukia. Josho nalo lilikuwa na dawa ya serikali, ng'ombe wa kijiji kizima wanapelekwa kuogeshwa, ni kama sikukuu, vijana wanapiga mbinja. Kisha ikaja soko huria. Sina ugomvi nalo kwa yote. Wanunuzi walikuja na malori yao wakatugombea kama wachumba, na kwa msimu mmoja tulijiona watu. Lakini bwana shamba akapunguzwa kazi, akarudi kwao Mwanhuzi kufuga. Josho likakauka, likaota majani. Dawa ya pamba ikawa inauzwa mnadani ndani ya chupa za soda, haina karatasi, haina maelezo, na muuzaji anaapa kwa marehemu mama yake kwamba hiyo ndiyo kali.

Babu yako, kabla hajawa kitu kingine chochote, ni mtu wa ng'ombe. Kupe walipoanza kumwangushia ndama alifanya jambo ambalo kila mfugaji hapa alilifanya: alichanganya dawa ya pamba, akajaza bomba, akawaogeshea ng'ombe mtoni, pale kwenye kona penye maji yaliyotulia ambapo ng'ombe hupenda kusimama. Akimaliza anasuuza bomba hapohapo. Baada yake wakaja wengine, maana akienda mzee yule, nani atakwenda kwingine? Na chini kidogo ya kona ndipo vilipokuwa visima vyetu vya mchangani, tunavyofukua kwa mikono na kuteka kwa kata, maji meupe mazuri ambayo tulijisifu kwamba mchanga umeshayachuja.

Simcheki. Mimi nilikuwa na galoni langu la dawa ya pamba, jeupe, lenye mfuniko wa kukaza, nikaliosha kwa majivu, nikawa nawabebea humo uji wa shambani. Majirani walinionea wivu. Mama Masanja alinibembeleza nimtafutie na yeye lake. Tukipata kizunguzungu tulisema ni jua. Tukitapika tulitazamana matumbo na kuulizana nani ana mimba.

Siku ile unaikumbuka kidogo, umeniambia unakumbuka baiskeli na harufu ya jasho la baba yako. Mimi naikumbuka yote. Babu yako alikuwa ameogesha asubuhi. Wewe ulikwenda mtoni na wenzako, ukawa wa kwanza kunywa, kwa sababu wewe ni wa kwanza kwa kila kitu. Ulirudi unatokwa mate kama mtoto anayeota meno, jasho linakutiririka, mwili unatetemeka, na nilipokutazama machoni mboni zilikuwa zimekuwa ndogo kama punje ya ulezi. Baba yako alikanyaga baiskeli mpaka mnyororo ukatoka, akaurudisha, ukatoka tena. Mimi nilikimbia nyuma.

Mganga wa zahanati alikunusa mdomo. Akaniuliza, "Amekunywa nini?" Nikasema maji. Akauliza maji ya wapi, nikasema ya mtoni. Akanitazama. "Huko mtoni kuna mtu anaosha vyombo vya dawa ya pamba?"

Nilijua, Kabula. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Na nilisema, "Sijui."

Hayo umeshayasikia kwangu, si siri, nilikwambia mwenyewe ulipomaliza darasa la saba. Nayarudia kwa sababu ya kazi unayokwenda kusomea. Utakutana na mama ameshika mtoto, umemuuliza swali jepesi, na yeye anakujibu "sijui" huku macho yanakimbia. Utaona uvivu, au ujinga, au mtu asiyempenda mwanawe. Basi ujue kwamba mimi nilikupenda kuliko kitu chochote chini ya jua, na nilisema sijui. Lile jibu lilikuwa na mtu nyuma yake, na huyo mtu sikuwa na ruhusa ya kumtaja. Bahati yetu yule mganga aliamini pua yake kuliko maneno yangu. Akakuchoma sindano, akakuvua nguo akakuosha mwili mzima, akakaa na wewe mpaka mate yakakauka.

Na kulikuwa na hatari nyingine ambayo hukuiona. Kwetu mtoto akitokwa mapovu, macho ya watu huanza kumtafuta bibi kizee wa kumwita mchawi. Tulipokurudisha nyumbani tayari kulikuwa na minong'ono, na bibi mmoja jirani yetu alikuwa amejifungia ndani. Mimi niliyejua ukweli nilikaa kimya hata hapo. Mungu alinihurumia, yale maneno hayakufika mbali, na yule bibi alikufa uzeeni kitandani kwake. Nilipokuwa nikimwogesha kabla ya kuzikwa nilishusha pumzi ambayo nilikuwa nimeibana kwa muda mrefu.

Baba yako usimlaumu. Alisema, "Nitamwambia mzee," na kweli akaenda. Walikaa sana. Aliporudi nikamuuliza, akasema amemgusia. Nikamuuliza amemgusia nini hasa. "Nimemwambia mwaka huu mto una maji kidogo." Nilicheka kwa hasira, na yeye akacheka kwa aibu, tukalala.

Ndipo akaja bwana afya wa kwanza. Huyu alikuja na picha kubwa za inzi, akazitundika ukutani shuleni, akatufundisha kwa Kiswahili cha radio kwamba maji machafu ni adui. Tuliitikia "ndiyo" kwa pamoja, tukapiga makofi, mimi nilikuwa mstari wa mbele na makofi yangu yalisikika. Tukarudi nyumbani tukapitia mtoni kuteka maji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekuja na majibu yake kwenye begi, na sisi tulikuwa tumemficha maswali yetu.

Mwaka uliofuata wakaja wale wa mradi wa mazingira na afya, yule dada mnene aliyependa mlenda. Tulidhani atatundika picha. Badala yake akatuambia tuchore kijiji chetu wenyewe, ardhini, kwenye kiwanja cha shule, wanaume upande wao na wanawake upande wetu. Tukaona ni mchezo wa watoto. Lakini tulipoanza, ee mwanangu, ungetuona! Tulimwaga majivu yakawa njia. Mbegu za pamba zikawa nyumba. Magunzi yakawa kuni, na tulipoweka magunzi tukaona jinsi kuni zilivyohamia mbali, nikasikia wanawake wanaguna. Mto tuliuchimba kwa vidole, na visima tukaweka vijiwe.

Tulipofika kwenye kona tukaizunguka. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja aliyefika pale na majivu yake alinyanyua mkono akaendelea mbele. Wengi wetu tumeolewa katika ukoo uleule, mzee wetu ni mmoja. Yule dada alitazama kwa muda, halafu akauliza kwa upole mbona hapa hamuweki kitu. Wenzangu wote wakanitazama mimi. Nikamjibu, "Hapo hapana kitu."

Alasiri wakaleta watu wote kuangalia michoro miwili. Wanaume walikuwa wamechora njia za ng'ombe, ngitili zetu za malisho kila moja na mipaka yake, ghala, josho bovu, mpaka mahali pa kuegesha malori ya pamba. Mto wao ulikuwa mstari mmoja kama kamba ya kufungia ndama. Hapakuwa na kisima hata kimoja. Bibi Ngolo akawauliza kama kwao maji hutoka mbinguni yakaingia moja kwa moja mtungini. Watu wakacheka, na babu yako naye akacheka, amekaa mbele kwenye kigoda chake, wewe umeegemea goti lake.

Kisha ukaingia ndani ya mchoro wetu na miguu yako yenye vumbi. Ukasimama kwenye kona. Ulizungumza Kisukuma, kwa sauti ile yako isiyojua kunong'ona.

"Mume wangu, hapa ndipo unapoogeshea ng'ombe zako dawa." Ukaruka kidogo, ukatua juu ya vijiwe. "Na hapa ndipo mkeo ninapokunywa. Unataka nife uoe mwingine?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mjukuu na babu ni watani, na mwenye kukasirikia utani anajiaibisha mwenyewe, kila mtu pale alilijua hilo na babu yako alilijua kuliko wote. Alinyanyuka. Alikuja mpaka kwenye mchoro, akaweka ncha ya fimbo yake pale ulipokuwa umesimama kwanza, akaiburuta polepole mpaka ulipokuwa umesimama sasa. Ilikuwa safari fupi sana ya fimbo. Akakutazama wewe, na najua aliona ile baiskeli.

"Mke huyu ana kelele," alisema, "lakini hajadanganya." Halafu akageukia watu. "Haya, nionyesheni basi nikaogeshee wapi."

Wote tukamtazama yule dada wa mradi atoe jibu. Naye, Mungu amjalie, hakutoa. Alikaa chini kwenye vumbi na sketi yake nzuri akangoja. Tukaanza kubishana sisi wenyewe. Mmoja akataka bondeni, wanawake wakamwambia mvua ikinyesha bonde lile linamwagikia mtoni, tunajua kwa sababu sisi ndio tunaovuka pale na ndoo kichwani. Mwingine akasema juu, karibu na josho bovu, na lichimbwe shimo la kupokea maji ya kusuuzia. Mwenye ngitili ya pembeni akalalamika kwamba ng'ombe watamlia majani ya kiangazi, akaahidiwa wigo. Mpaka jua linazama tulikuwa tumeshapata mahali, na watu wa kuchimba, na bibi mmoja wa kumzomea atakayeonekana mtoni na bomba. Magaloni yetu tukayatoboa na kuyafukia, mimi langu nikaliaga kama ndugu. Lile josho unalolijua leo, linalofanya kazi, lilifufuliwa na mabishano ya siku ile.

Umeniuliza mara nyingi kama nilikutuma. Sikukutuma. Lakini asubuhi ile, nikikunyoa nywele, nilinung'unika kuhusu kona ya mto kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na kichwa chako kilikuwa mikononi mwangu, masikio yote mawili. Wanawake wa kwetu hupitisha neno hivyo tangu zamani. Neno lisilopita mlango wa mbele hupitia kwa mjukuu. Siioni kuwa dhambi. Ninachojilaumu ni kwamba niliupata mlango ule nimechelewa, na nilipoupata nikauegemea miaka yote hii, mpaka ukawa msichana mkubwa wa kwenda chuo na bado wewe ndiye mdomo wangu.

Sasa sikiliza, na hili si hotuba, nikianza hotuba ruka mstari. Huko utakakopangiwa kazi hutakuwa mjukuu wa mtu. Utakuwa mgeni mwenye kalamu. Watu watakuitikia "ndiyo" mpaka utajiona umefaulu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni akifika anaongea tu, mwenyeji haponi, anapata usingizi. Wewe kwa kupenda kusema ulivyo, mwanangu, nakuonea huruma. Jaribu kuwaachia wachore. Wakichora, usitazame sana walichoweka. Tazama mahali wanaponyanyua mikono wakapita. Na ukipaona, usiruke ndani na miguu yako yenye vumbi kama ulivyozoea, maana huko huna utani wa kukukinga, utaaibisha watu na watakufungia milango. Ulizia tu nani hapo kijijini ana ruhusa ya kulisema. Yupo, kila mahali yupo. Huenda ni mjukuu, huenda ni mtani wa ukoo, huenda ni mlevi fulani ambaye kila mtu anamcheka na kila mtu anamsikiliza. Kaa chini na sketi yako nzuri, umngoje.

Na wakikupikia mlenda, kula.

Nimekatizwa hapa. Imebidi niiweke barua chini ya sinia, na sasa naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Ulipokwenda kuwaaga akina Mama Masanja, babu yako alikuja. Nilisikia kikohozi chake kwenye lango la ua, kile anachokohoa ili nipate muda wa kujifunga kanga vizuri. Nikatoka, nikapiga goti, nikamwamkia nikitazama chini. Kawaida anaitikia, anauliza mumeo yuko wapi, anaondoka. Leo alisimama tu. Niliona miguu yake, na karibu na miguu yake akaweka kitu chini. Lilikuwa bomba lake la dawa, kavu, limefutwa vizuri.

"Hili lilale kwako," alisema. "Nikilihitaji nitalifuata hapa."

Nikasema sawa, baba. Nilidhani amemaliza. Akazungusha fimbo yake mchangani, ile mpya, Kabula, umeshinda, amekuja nayo. Akasema taratibu, bila kunitazama, kama mtu anayeongea na minyaa:

"Mke wangu kesho anaondoka. Sasa nani atanisema?"

Nilimwona mama yangu kule Ipililo, amekaa na mdomo wangu kwenye kijisanduku cha bati, anautunza miaka yote hii. Nikamwambia moyoni, asante mama, nimekuja kuuchukua. Goti langu bado lilikuwa chini, macho bado yalikuwa chini, heshima yote ilikuwa mahali pake. Na nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Nitakusema mimi, baba."

Kuku wakapita katikati yetu. Sikuthubutu kunyanyua uso. Nilihesabu makosa yangu yote tangu nilipoolewa nikiwa nangoja, na nilikuwa nimefika mbali, aliponijibu.

"Basi useme kwa sauti," alisema. "Masikio yangu si yale ya zamani."

Akageuka, akaenda zake kwenye ng'ombe wake. Mimi nimeliingiza bomba ndani, liko hapa nyuma ya mlango, nalitazama na nacheka peke yangu. Sasa naomba uharakishe urudi kutoka huko kwa akina Mama Masanja, kwa sababu sijapika na ninyi mtalia kweli. Kesho panda basi lako, mwanangu, usigeuke nyuma kutuhesabu. Mto tutautazama.

Mama yako, mwenye mdomo.